Jumba la Mawe la Lamu na Maneno ya Uungwana

Aghalabu majumba ya mawe ya Lamu husifiwa kwa milango yake ya nakshi na kuta zake zenye chokaa nyeupe. Tangu mji huo ulipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, mwaka 2001, sifa hizo zimezidi. Makala haya yanakusudia kulitazama jumba hilo kwa upande mwingine, yaani kuyachunguza maneno yake kama ushahidi wa historia. Maneno hayo hutueleza starehe ya waliokaa ndani, na pia gharama yake kwa waliowatumikia.

Mengi ya majumba makubwa yalijengwa katika karne ya 18, wakati Lamu na Pate ziliponawiri kwa biashara ya baharini. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, upana wa chumba haukupita sana mita 3, ingawa urefu ungeweza kuzidishwa. Hivyo vyumba virefu na vyembamba havikutokana na hiari ya mwenye nyumba, bali na nguvu ya mti.

Atokaye njiani hupokewa kwanza na daka, lenye baraza za mawe ambapo wanaume walizungumza. Akiruhusiwa kupita, huingia tekani, kisha kiwanda. Neno hili la mwisho, ambalo leo kwa wengi ni mahali pa mashine, hapa ni ua ulio wazi juu. Mgeni wa kiume alilazwa katika sabule, chumba kilichotengwa ili asiwaone wanawake wa nyumba. Ng'ambo ya kiwanda hufuatana msana wa tini, msana wa yuu na ndani, kila sakafu ikiinuka kidogo kuliko iliyotangulia. Maneno ya Kiamu "tini" na "yuu" (kwa Kiunguja "chini" na "juu") hayataji ghorofa hapa, yanataja daraja.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba pambo huzidi kadiri mtu aingiavyo. Ukuta wa njiani ni mtupu. Ukuta wa ndani umejaa vidaka, au zidaka kwa Kiamu, vilivyochongwa katika lipu, na humo viliwekwa vyombo vya kaure kutoka China. Fahari hii, basi, haikukusudiwa mpita njia. Ilikusudiwa jamaa, na hasa wanawake waliokusanyika humo siku za harusi. Kwani nyumba ilikuwa mali ya binti, naye aliolewa akabaki kwao. Ndiyo sababu ghorofa ziliongezwa, na wikio likajengwa juu ya njia kuunganisha nyumba za ndugu. Wataalamu kama James de Vere Allen na Linda Donley wameonyesha kwamba mpango huo ulikuwa pia na maana ya kiibada: palikuwa na mahali pake pa kuzalia na pa kuoshea maiti.

Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yameanguka akayafanya mawaidha juu ya dunia ipitayo. Lakini mawaidha yake ni ya bwana aliyepoteza. Je, mtumishi aliyechoma chokaa na kubeba mawe tutamsikia wapi?

Tutamsikia katika msamiati. "Mwungwana" kwanza alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu. "Mzalia" alikuwa mtumwa aliyezaliwa pwani. "Mjinga" alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua lugha wala desturi. Leo ni mtu asiye na akili. Ghorofa ya chini, penye ghala na makao ya watumwa, imebaki katika maneno hayo. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini lugha imeendelea kumsifu bwana na kumdharau mgeni wake asiye na hiari.

Siku hizi majumba mengi yamegeuzwa kuwa nyumba za wageni. Sabule huitwa chumba tu, na vidaka ni pambo. Jiwe linaweza kutengenezwa upya na fundi. Neno likishasahauliwa na wazee halina fundi. Yatupasa basi sisi wa idara za lugha kuyakusanya maneno ya mafundi na ya akina mama wa Lamu pamoja na maana zake zote, za heshima na za aibu. Kamusi itakayohifadhi uungwana bila ya ujinga itakuwa imetujengea jumba lisilo na ghorofa ya chini, na jumba la namna hiyo halisimami.