Bisfenoli A na mishipa ya damu

Bisfenoli A (kifupi: BPA) ni kemikali inayotumika viwandani kutengeneza plastiki ngumu aina ya polikaboneti na utando wa ndani wa makopo ya vyakula. Ni mojawapo ya kemikali zinazovuruga kazi ya homoni mwilini, na huweza kuathiri seli za mishipa ya damu.

Historia

BPA iliundwa na mkemia Mrusi Aleksandr Dianin mwaka 1891. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Edward Charles Dodds alionyesha kwamba inafanya kazi kama homoni ya estrojeni, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Athari kwa seli

Mishipa ya damu imefunikwa kwa ndani na tabaka moja la seli linaloitwa endothelia. Seli hizo hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza misuli ya mshipa ili upanuke. Zina pia vipokezi vya estrojeni, na BPA huweza kushikamana navyo kana kwamba ni homoni yenyewe.

Majaribio ya maabara yametumia hasa seli za mshipa wa kitovu cha binadamu. Katika baadhi yake BPA iliongeza oksidi ya nitriki na kuchochea seli kujipanga kama mishipa mipya. Katika mengine ilizidisha molekuli haribifu za oksijeni, ambazo huiharibu gesi hiyo. Matokeo hutegemea kiasi cha kemikali na muda wake.

Utafiti kwa watu

Mwaka 2008 utafiti wa watu wazima 1,455 nchini Marekani ulionyesha kwamba wenye BPA nyingi katika mkojo walikuwa na maradhi ya moyo mara nyingi zaidi. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi chanzo cha ugonjwa.

Jaribio la Korea Kusini lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa watu 60 maziwa ya soya yaleyale katika makopo au chupa za kioo. Saa mbili baada ya kunywa makopo mawili, shinikizo lao la juu la damu lilizidi lile la baada ya chupa kwa takriban milimita 4.5 za zebaki.

Udhibiti

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku BPA katika chupa za kulishia watoto wachanga mwaka 2011, na mwaka 2024 ukapitisha marufuku ya kuitumia katika vifaa vinavyogusa chakula. Kwa kuwa joto huongeza kuvuja kwa BPA, ni vema kutopasha chakula katika vyombo vya polikaboneti.