Uwanja wa Gahanga: kujenga ni rahisi kuliko kutunza

KIGALI – Ukitoka Kicukiro kuelekea Nyamata unapita Gahanga. Hapo ndipo ulipo uwanja wa kriketi wa kimataifa wa Rwanda, uliofunguliwa na Rais Paul Kagame Oktoba 2017. Jengo lake la matao matatu ya vigae vya udongo wa hapahapa limesifiwa na wasanifu wa nchi nyingi. Swali la mfanyabiashara ni jingine: nani analipa bili?

Fedha za ujenzi, takriban pauni milioni 1, zilichangishwa na mfuko wa hisani ulioanzishwa Uingereza mwaka 2011. Wanyarwanda nao walitoa jasho. Mei 2016 Eric Dusingizimana, aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, alipiga mipira kwa saa 51 mfululizo mjini Kigali na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, lengo likiwa kutafuta michango.

Mchango wa aina hii huja mara moja. Mfadhili hupenda jiwe la msingi na picha ya ufunguzi. Ni nadra kumpata anayetaka kulipia dizeli ya mashine ya kukata nyasi mwaka wa nane. Na kriketi ni mchezo ghali kwa ardhi. Uwanja mmoja, wenye mpaka wa mita 60 hadi 80 kutoka katikati, humeza nafasi ya takriban viwanja viwili vya soka, halafu unachezewa na watu 22 tu kwa siku nzima. Kipande cha katikati kinataka udongo wa mfinyanzi, mtambo wa kushindilia, maji wakati wa kiangazi na turubai wakati wa mvua, na Kigali ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Wapo wanaotandika zulia bandia ili kupunguza gharama hizo, lakini zulia nalo huchakaa na huagizwa nje.

Hapa ndipo wasomaji wetu wanapoingia. Magongo, mipira, pedi na kofia za chuma hutengenezwa zaidi India na Pakistan, hasa miji ya Meerut, Jalandhar na Sialkot. Zikija kwa meli hushuka Mombasa au Dar es Salaam, kisha lori. Dar hadi Kigali kupitia Rusumo ni karibu kilomita 1,500. Mombasa ni mbali zaidi. Mzigo usio na msamaha hulipiwa ushuru wa forodha wa Jumuiya, kisha VAT ya Rwanda ya asilimia 18. Shehena yenyewe ni ndogo, haijazi kontena, kwa hiyo klabu husubiri kuchanganyiwa na mizigo ya wengine au hulipa bei ya ndege. Ongeza thamani ya fedha: uwanja ulipofunguliwa dola moja ilikuwa faranga mia nane na kitu, mwaka 2025 ilipita 1,400. Ada ya mwanachama inalipwa kwa faranga, gongo linanunuliwa kwa dola.

Mapato je? Klabu za Rwanda si za kulipwa, na watazamaji wa kukata tiketi ni wachache mno. Zinabaki ada, wadhamini, kukodisha ukumbi kwa sherehe na mikutano, na mgao wa Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC. Katika mgao wa 2024 hadi 2027, India peke yake iliripotiwa kupata takriban asilimia 38.5, wakati wanachama washiriki zaidi ya 90, Rwanda ikiwemo, wanagawana kama asilimia 11.

Tegemeo la maana zaidi ni mashindano. Gahanga imepokea mechi za kufuzu Kombe la Dunia la T20 mwaka 2021 na 2022, mbali na michuano ya wanawake ya Kwibuka ya kila mwaka. Timu za kigeni hulala hotelini, hula na hukodi mabasi. Kwa hesabu yangu anayefaidika kwanza ni mwenye hoteli na mwenye basi. Uwanja hupata kilichobaki.

Soko hilo ni la mipakani hasa. Kriketi ilishika mizizi Rwanda baada ya 1994 kupitia waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, na wapinzani wa karibu ni hao hao. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 hadi Januari 2022, safari ya moja kwa moja ya basi kutoka Kampala ilikatika, na njia ya kuzunguka Tanzania si bajeti ya klabu ya wanafunzi.

Anayedhani ushindi uwanjani utamaliza tatizo aitazame Kenya. Mwaka 2003 ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kilichofuata ni mgomo wa wachezaji kuhusu malipo, na mwaka 2005 chama chake kikavunjwa na kuundwa kipya. Hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja ilipotea 2014. Hata Uingereza, klabu za kaunti zimeishi kwa ruzuku ya bodi yao, na mwaka 2025 zilihitaji mauzo ya hisa za mashindano ya The Hundred, zaidi ya pauni milioni 500, ili kupumua.

Kwa msafirishaji au muuzaji anayeombwa huduma na klabu: angalia kalenda ya mashindano kabla ya kukubali mkopo. Fedha huonekana wiki za michuano. Miezi ya mvua omba malipo kabla lori halijaondoka bandarini.