Nyumba Zilizoinuliwa kwa Jeki: Chicago na Maji Machafu

Tunapofundisha tofauti ya mto na mfereji, husema kuwa mto hufuata njia yake wenyewe, na mfereji hufuata matakwa ya binadamu. Upo mji mmoja huko Marekani, Chicago, unaovuruga ufafanuzi huo, kwani mto wake ulilazimishwa kurudi ulikotoka.

Mji huo ulijengwa juu ya tambarare yenye majimaji kando ya Ziwa Michigan, kwa kimo kidogo tu kupita uso wa ziwa. Mvua ikinyesha, maji yalituama pamoja na uchafu wa vyoo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi. Mwaka uliofuata aliajiriwa mhandisi Ellis Chesbrough. Kwa kuwa ardhi haikuwa na mteremko wa kutosha wa kuzika mabomba, aliyalaza juu ya barabara, kisha yakafukiwa kwa udongo. Barabara zikapanda, mahali pengine kiasi cha mita 3, na nyumba zikabaki shimoni.

Ndipo nyumba nazo zikainuliwa. Januari 1858 jengo la matofali la ghorofa 4, lenye uzito wa tani 750, lilipandishwa karibu mita 2 kwa jeki 200. Mwaka 1860 safu nzima ya maduka ya Lake Street ilinyanyuliwa na watu 600 kwa jeki 6,000, na wenye maduka waliendelea kuuza. Ningependa kumwona mnunuzi aliyeingia kwa ngazi moja akatoka kwa mbili!

Hata hivyo, mabomba yalimwaga uchafu mtoni, mto ukaupeleka ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa kisima cha mji. Wasomaji wa Kampala wanaelewa: mfereji wa Nakivubo huishia katika ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa. Chicago ilichimba mfereji wa kilomita 45, na Januari 2, 1900, mto ukageuzwa, uchafu ukaelekea kwa majirani. Jimbo la Missouri lilishtaki, likashindwa mwaka 1906.

Kwa maoni yangu, kosa la kudumu lilikuwa jingine: maji ya mvua na ya vyoo yalitiwa katika bomba moja. Mvua kubwa ikilijaza, maji hurudi nyuma yakitafuta tundu lililo chini kuliko yote, nalo limo katika sakafu ya sardabu, yaani chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Mwenye nyumba huamka akakuta uchafu wa mtaa mzima umemtembelea. Mahandaki ya kilomita 175, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1975 na kukamilika 2006, yamepunguza balaa hilo bila kulimaliza.

Kwa hiyo wengi hujilinda wenyewe. Huelekeza mlizamu wa paa bustanini badala ya bombani. Wengine hutia vali inayoruhusu maji kutoka tu. Lakini ikijifunga, maji ya nyumba yenyewe nayo hayatoki, na anayeoga wakati huo huifurikisha sardabu yake kwa mkono wake. Wenye uwezo zaidi hupandisha bomba la nyumba hadi karibu na dari ya sardabu, na pampu huyasukuma maji ya chini hadi huko kabla hayajateremka kuelekea barabarani. Ni kazi ile ile ya jeki za 1858, ila sasa linaloinuliwa ni bomba. Nayo pampu hutegemea umeme, ambao dhoruba hupenda kuukata kwanza.