Mita 400, na kilichomo ndooni

Wadau, "maji safi na salama" tumeyasikia tangu shule ya msingi mpaka yamekuwa kama neno moja. Lakini ni mambo mawili, na historia yetu inaonyesha lipi liliachwa nyuma.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400. Mwaka ukafika, wengi wakawa bado wanateremka bondeni na ndoo. Sera ya Maji ya 2002 ikarudia mita 400, ikaweka lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Vyote vinahesabika kwa macho. Bomba linazinduliwa, utepe unakatwa, makofi... nani amewahi kuzindua majibu ya maabara?

Tena maabara nayo inaweza kupindishwa. Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda cha floridi, miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani leo linashauri isizidi 1.5. Kwa nini 8? Kwa sababu kiwango kikali kingefunga vyanzo vingi huko Arusha na jirani zake. Yaani kiwango kilifuata maji! Watoto wakakua na meno ya kahawia, wengine mifupa ikapinda. Baadaye ikawa 4, na kiwango cha TBS cha 2018 kikafika 1.5.

Ndama, pale jirani na Kayanga, hofu ni nyingine: chemchemi iko bondeni; nyumba, vyoo na ng'ombe viko juu. TBS inataka bakteria wa E. koli wawe 0 katika mililita 100, na jicho haliwaoni. London mwaka 1854, mjane mmoja wa Hampstead aliletewa maji ya pampu ya Broad Street kwa kuwa alipenda ladha yake. Kipindupindu kikamuua.

Kuchemsha kunaua vijidudu hivyo. Floridi haiondoki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Ndiyo maana mtu wa Ndama na mtu wa Arusha hawawezi kupewa ushauri mmoja. Tangu sheria ya 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA na vyombo vya watumiaji. Ukikutana nao, baada ya kuuliza bomba litafika lini, uliza pia: haya tunayokunywa yalipimwa lini, na majibu yako wapi?