Chura sumu wa dhahabu na tumbusi mgongo-mweupe

Chura sumu wa dhahabu (jina la kisayansi: Phyllobates terribilis) ni amfibia wa misitu ya mvua kwenye pwani ya Pasifiki ya Kolombia. Tumbusi mgongo-mweupe (Gyps africanus) ni ndege mla mizoga wa savana za Afrika kusini kwa Sahara; wengi humwita tai tu. Wanyama hawa hawakutani popote. Wanalinganishwa hapa kwa sababu ya sumu: mmoja huibeba bila kudhurika, mwingine huangamizwa nayo.

Chura huyu ana urefu wa takriban sm 5, na mara nyingi ni wa manjano ya kung'aa. Ngozi yake ina batrakotoksini, sumu inayozuia milango ya sodiamu katika neva na misuli isifungike, hata moyo ukasimama. Haing'ati wala hachomi; anayedhurika ni yule anayemshika au kumla. Inaaminika kwamba sumu hiyo hutoka kwa wadudu anaowala, kwa maana chura aliyezaliwa na kulishwa kizuizini hana sumu. Waembera wa Kolombia walikuwa wakipitisha ncha za vishale vyao vya kuwindia juu ya mgongo wa chura aliye hai. Wanasayansi walimweleza spishi hii mwaka 1978 tu.

Tumbusi ana uzito wa kg 4 hadi 7, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa m 2 hivi. Asidi kali ya tumbo lake huua vijidudu vingi vya mzoga uliooza, kwa hiyo husafisha mbuga bila malipo. Lakini tumbo hilo halina kinga dhidi ya viuadudu vya mashambani kama karbofurani. Nchini Kenya na Tanzania wapo wafugaji wanaotia sumu kwenye mzoga wa ng'ombe ili kumwua simba aliyemla, na tumbusi hufa kwa makumi. Majangili nao huwaua kusudi, kwa kuwa ndege wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoanguka. Mwaka 2019 kaskazini mwa Botswana walikufa tumbusi 537 wa spishi mbalimbali, 468 kati yao mgongo-mweupe. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, basi pengo kama hilo huchukua miaka mingi kuzibika.

Chura yuko hatarini kutoweka kwa sababu misitu yake michache inakatwa. Tumbusi, tangu 2015, yuko hatarini zaidi.