Tofauti kati ya 'shuka', 'shukia' na 'pakua'

ABIRIA anayemwambia utingo "Nashuka Kongowea" huelewekа bila shida. Hata hivyo, Kiswahili kimempa kitenzi mahususi zaidi, nacho ni shukia. Mtu hushuka garini au melini, yaani hutoka chomboni. Hushukia kituoni au bandarini, pale miguu yake inapokanyaga. Kiambishi -i- ndicho kinachobeba dhana hiyo ya mahali. "Teremka" nalo hukaribiana mno na "shuka", na wengi huyabadilisha maneno haya mawili bila kukosea.

Kosa huzuka abiria anapotaka kusaidiwa. Katika matatu za Nairobi husikika "Nishukishe hapo!" Kauli ya kutendesha ya "shuka" ni "shusha", kama vile "waka" huzaa "washa" na "anguka" huzaa "angusha". Dereva, basi, humshusha abiria.

Shehena hupakuliwa. Ajabu ni kuwa dereva husemwa amepakia abiria, ilhali hasemwi amewapakua! Kupakua kumeachiwa magunia, makasha na wali ulio chunguni.

Kitenzi kinachotatiza zaidi ni "abiri", ambacho baadhi ya waandishi wa habari hukitumia kwa maana ya kupanda tu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuvuka. Anayeabiri feri ya Likoni amekwishaipanda; sasa yumo safarini kuelekea ng'ambo, ambako ndiko atakakoshukia.