Majengo ya Nyeri: Kazi za Nyumba Baridi Ikiisha, Kabla ya Vuli

Mtu wa Mombasa au Lamu akiwatembelea jamaa zake Majengo ya Nyeri mwezi wa Julai, jambo la kwanza aulizalo ni blanketi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kipupwe, ambacho kwetu Pwani ni upepo mwanana wa kusi, kule ni ukungu, manyunyu na usiku ambao huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Baridi hiyo hushika Juni hadi Agosti, na mvua za vuli huingia Oktoba. Katikati pana majuma machache ya jua, na hayo ndiyo ya kutengenezea nyumba.

Nyumba kongwe za Majengo, ziwe za Nyeri, Nanyuki au Meru, zinajulikana na kila Mswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma. Tofauti ni kwamba kuta za udongo na fito na mabati yaliyoshika kutu hukaa miezi mitatu bila kukauka vizuri. Fuata utaratibu huu.

Kwanza, hewa

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo roho hupotea. Wakati wa baridi watu huziba madirisha na matundu ya hewa kwa matambara na magunia, kisha huingiza jiko la makaa chumbani. Makaa yakiungua pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na hushikana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, kwani mtu hudhani yamekuwa salama. Kuyafunika kwa jivu hakusaidii.

Toa matambara yote. Zibua matundu ya juu ya ukuta na uyawekee wavu wa mbu. Hakikisha kila dirisha linafunguka. Vuli nayo ina usiku wa baridi, kwa hiyo hukumu ni moja mwaka mzima: jiko halilali ndani. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa, wakaona kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, fungua mlango, watoe nje na uwapeleke hospitali mara moja.

Pili, paa na milizamu

Ingia ndani mchana, funga mlango na utazame juu. Panapopenya mwanga ndipo patakapopenya maji. Weka alama kwa chaki. Usipande asubuhi bati likiwa na umande, kwa sababu huteleza. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, maana chini yake ndipo penye mbao.

Msumari uliolegea ubadilishwe, uwekwe wenye mpira. Tundu dogo huzibwa kwa lami, lakini bati lililolika kwa kutu halina dawa ila kubadilishwa. Ukinunua jipya, kumbuka kuwa namba ya geji ikipanda unene hupungua: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Safisha milizamu, au gata kama wanavyoiita wengi. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 400. Mlizamu ukiziba, maji hayo yote huangukia ukutani. Ukiwa mzima hujaza tangi, ila maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Tatu, kuta

Weusi unaoota pembeni mwa chumba ni kuvu, na huwatesa wenye pumu, hasa watoto. Anika magodoro juani, sogeza makabati, sugua ukuta wa saruji kwa sabuni, kisha dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu kumi. Usiichanganye kamwe na tindikali ya chooni, kwani hutoa hewa ya sumu. Ukuta ukikauka kabisa, paka chokaa.

Ufa wa ukuta wa udongo uzibwe kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Usikimbilie saruji. Saruji haipumui, hufungia unyevu ndani, na mwisho hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Wenzetu wa Lamu wanalijua hili kutokana na nyumba zao za mawe na chokaa.

Nne, chini na uwani

Ondoa udongo na taka zilizolundikana chini ya ukuta, uchimbe mtaro wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Kagua kingo za choo cha shimo; udongo ukianza kumeguka, tafuta fundi kabla mvua haijaulainisha zaidi. Waya za umeme zilizopita penye unyevu zisiguswe ila na fundi wa umeme.

Gharama ni ya nani?

Wakazi wengi ni wapangaji. Mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane mapema, kwa maandishi, nani anunue nini, na risiti ziwekwe. Kufungua madirisha na kusafisha mtaro hakungoji mtu.

Na sisi wa Pwani wenye jamaa huko, mara nyingi hutuma pesa Novemba, simu ikija kwamba ukuta umeanguka na watoto wamelala kwa jirani. Pesa hiyo hiyo ikitumwa Septemba hununua mabati, misumari na siku mbili za fundi. Piga simu sasa, uulize habari za paa. Uulize na jiko hulala wapi.